Baba yake bibi alivuta mzinga milimani Umatumbi: ilikuwa vita gani?

Mjukuu wa Kipatimu:
Ndugu zangu, naomba msaada. Baba yake bibi yangu, Mmatumbi wa upande wa Kipatimu, wilayani Kilwa, alifariki kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa, wala hakuacha karatasi yoyote. Bibi husimulia mambo mawili tu: kwamba akiwa mtoto alifichwa pangoni na mama yake wakati askari wakichoma vyakula ghalani, na kwamba ujanani alikamatwa akavutishwa mzinga mkubwa kwa kamba kupanda mlima, kazi iliyomwachia kovu begani maisha yake yote. Jamaa zangu huyaweka yote katika Vita vya Maji Maji, lakini mtu hawezi kuwa mtoto wa kufichwa na kijana wa kuvuta mzinga kwa wakati mmoja.

Msomaji wa Kale:
Hoja yako ina uzito. Maji Maji ilianzia Nandete, hapo hapo kwenu, Julai 1905, na Wajerumani walipoona hawawezi kuwapata watu maporini waliteketeza mashamba na maghala, ikafuata njaa kubwa. Pango ni la wakati huo. Mzinga ni wa vita nyingine kabisa, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake 10 ikaopolewa na kutumika nchi kavu, na mmojawapo ulikokotwa na wapagazi hadi Kibata, katika milima hiyo hiyo ya Umatumbi, ambako Wajerumani na Waingereza walipigana kuanzia Desemba 1916. Kama mzee alikuwa na miaka sita au saba wakati wa Maji Maji, basi Kibata ilimkuta na miaka kumi na saba au kumi na minane, umri ambao hakuna jeshi lililouacha salama.

Bi. Kivinje:
Nakubaliana na mwenzangu, ila tusimkabidhi mzee kwa Wajerumani kwa haraka. Waingereza walikuwa wameishika Kilwa tangu Septemba 1916, na wao pia walipandisha mizinga Kibata kwa nguvu za watu. Muulize bibi walitokea upande gani: pwani, au Rufiji? Tena, mwanangu, andika wazi kwamba alikamatwa. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi wao kwa njaa na maradhi, na vitabu vingi huwataja kama mizigo waliyoibeba.

Mjukuu wa Kipatimu:
Ahsanteni sana. Nimempigia bibi simu jioni hii, naye amejibu bila kusita kwamba walitokea Rufiji, mvua ikinyesha mfululizo, na kwamba usiku walilala chini ya mzinga wenyewe kwa kuwa hapakuwa na kibanda. Nitaandika Kibata, mwishoni mwa 1916, upande wa Wajerumani, kwa kukamatwa. Na mwaka wa kuzaliwa nitauandika kuwa wa makadirio, kati ya 1897 na 1899.