Tupeane uzoefu: intaneti ya simu enzi za kulipia kwa KB (kilobaiti), salio lako lilikuwa likienda wapi?

Mwenye uzi, Mkunazini

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wiki iliyopita tulikuwa tukisafisha kabati la marehemu ami, nikatoa bahasha ya vocha zilizokwanguliwa, zimefungwa kwa mpira. Nyuma ya kila moja kaandika kwa kalamu ya risasi tarehe, saa aliyoingiza, na neno moja: "imekwenda". Za mwisho ni za 2011, wakati vifurushi vya siku vimeshaingia. Ami alikuwa karani, mtu wa hesabu, na amefariki hajapata jibu la salio lake. Bahasha nimeshindwa kuitupa.

Nataka kila mmoja aseme alivyokatwa na alivyokuja kuelewa. Majina ya kampuni tuyaache, sikuja kugombana na mtu.

Naanza mie. Simu yangu ya kwanza yenye intaneti ilikuwa Nokia 6600, ya mkono wa pili. Kabla yake niliwahi kutumia ya kaka yetu mmoja aliyekuwa akiingia mtandaoni kwa kupiga namba, laini inakamatwa kama unazungumza na mtu, na dakika zinahesabiwa. Kwa hivyo nilipopata ya kwangu ya GPRS, intaneti ya simu isiyopiga namba, nikaona mambo ni yale yale. Nikaweka vocha ya 5,000, nikakaa barazani na kazi yangu ikawa kukimbia: nafungua ukurasa, sijausoma, nafungua mwengine, nafungua wa tatu, nikiogopa dakika. Haikufika nusu saa simu ikanambia salio halitoshi.

Kumbe GPRS haihesabu dakika, inahesabu uzito wa kinachopita. Ningekaa na ukurasa mmoja mpaka alasiri nisingeongezewa hata senti. Ile haraka yangu ndiyo iliyonimaliza.

Na hesabu yenyewe ilikuwa na mtego. Chukua mfano wa shilingi 1 kwa KB. Ukiisikia unaona rahisi, shilingi moja nani anaijali? Lakini MB moja ni KB 1,024. Picha ya KB 300 ni shilingi 300, picha kumi 3,000. Wengi wetu tulikuwa hatujui ukurasa una KB ngapi, na hakuna pahala palipoandikwa. Huwezi kupanga matumizi ya kitu ambacho hukioni kikipimwa. Muuza sukari anakuwekea mzani mbele ya macho yako.

Fundi simu, Darajani

Waaleikum salaam. Uzi huu umenigusa, mie ndiye niliyekuwa nikiwawekea watu setingi. Mtu anakuja, "fundi niwekee intaneti". Unatuma ujumbe kwa kampuni, setingi zinarudi kama meseji, simu inaomba namba ya siri, unaandika 1234, unahifadhi, unazima na kuwasha. Wenye simu ya tochi, ile Nokia 1100, nilikuwa nawambia ukweli kwamba haina intaneti kabisa, wasije wakatapeliwa na mtu mwengine.

Lakini nililojifunza zaidi lilitoka kwa watu ambao hawakuitaka intaneti. Mzee analeta simu: "Salio langu linapungua na sijapiga." Nikiangalia, setingi zimo, alikuja nazo tangu kwa mwenye simu wa kwanza. Sasa kwenye Nokia nyingi za zamani, ukikandamiza sifuri kwa muda, kivinjari kinafunguka. Na namba zetu zote zinaanza na sifuri! Mtu mwenye kidole kizito, au macho yamepungua, anakandamiza ile sifuri ya mwanzo, ukurasa unaanza kuja, yeye anaona kioo kimebadilika, anabonyeza kitufe chekundu, anaanza upya. Kila mara kinakatwa kidogo. Na malipo mengi ya zama zile yalikuwa ya vipande: ukipitisha KB moja tu unatozwa kipande kizima, kwa hivyo kugusa na kutoka mara kumi ni hasara kuliko kuingia mara moja ukakaa.

Dawa yake ilikuwa kufuta setingi. Dakika mbili, sikuwatoza.

Mwenye uzi, Mkunazini

Fundi, hili la sifuri nalisikia leo. Ami alikuwa na Nokia.

Maalim, Wete

Mie nilianza wakati tumeshaijua Opera Mini, programu ya kufungulia kurasa za intaneti simuni, na lazima niiseme kwa wema. Ukurasa ulikuwa hauji simuni moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye kompyuta zao, unabanwa, halafu unaletwa ukiwa mwepesi. Ukizima na picha, KB unazookoa unaziona kwa macho, maana programu yenyewe ilikuwa ikikuonesha umetumia kiasi gani. Ule ndio mzani wa kwanza kuuona kwenye intaneti ya simu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipokuwa yakitoka, NECTA, baraza la mitihani, wanayaweka mtandaoni, na skuli yetu haikuwa na kompyuta iliyounganishwa. Nilikuwa nafungua ukurasa wa skuli mara moja tu, nahakikisha umekuja wote mpaka chini, nakata mtandao, halafu nanakili kwenye daftari namba moja baada ya moja. Orodha ya maandishi matupu haina uzito. Watoto wanapanga foleni ukumbini. Mwaka mmoja msichana alisimama nyuma ya mlango, hakutaka kutaja namba yake mbele ya wenziwe. Alipobaki peke yake akanyosha mkono: kaiandika kiganjani kwa peni, na jasho limeshaanza kuifuta. Alifaulu. Mpaka leo nikiona G ile ndogo, alama ya GPRS, juu ya kioo cha simu ya zamani namkumbuka yeye.

Mama wa watu, Chake Chake

Mie ni ya MMS, zile meseji za picha. Dada yangu yuko Maskati, alijifungua, akanitumia picha ya mtoto. Kwangu ikaja meseji tu yenye anwani ya tovuti na namba ya siri, nikaangalie huko. Nikenda intaneti kafe, nikalipia nusu saa nimuone mtoto wa dada. Baadaye ndipo nikaelezwa kuwa MMS inapitia njia ile ile ya data, simu isiyowekewa setingi zake haiwezi kuipokea. Hapa mjini hakuna aliyenambia hata siku niliyonunua laini.

Kijana wa Kiembesamaki

Langu fupi. Nilitumia simu kama modemu, nikaunganisha na kompyuta ya nyumbani yenye Windows XP, nikitaka kusoma barua pepe mbili. Barua zenyewe hazifiki KB 20. Lakini kompyuta nayo ilipoona mtandao ikaanza kuvuta masasisho yake kimyakimya, na programu ya kuzuia virusi ikafuata. MB zote za kifurushi zikaisha, kisha ikahamia kwenye salio la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi. Huo ndio mlango uliokuwa ukiumiza watu wengi: kifurushi kikisha, usiache salio wazi.

Bi Shangani

Mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme? Mie niligundua wakati ule kuwa data ina bei mbili. Simu ikiachwa imeunganishwa inakula betri, na chaji nalipia dukani kwenye jenereta. Nikawa naandika barua zangu kwanza nje ya mtandao, zote, halafu nafungua mara moja, natuma, nafunga. Na mtu akikupigia katikati, ukurasa unasimama mpaka umalize kuzungumza, ndivyo simu zile zilivyokuwa. Nikawaomba ndugu wasinipigie baada ya isha.

Mwenye duka, Micheweni

Nimesoma yote nikaona hili la kwangu halijasemwa.

Vifurushi vya siku vilipoanza, alikuja mzee wa hapa jirani, Alhamisi baada ya isha. Alitaka kifurushi cha Ijumaa, wakishatoka msikitini kijana wake angemuonesha picha za binti yake aliyeko ng'ambo. Nikamuunga. Ujumbe ukaja kwa Kiingereza kwamba kinaisha 23:59, hakuusoma yeye, sikuusoma mie. Ijumaa akarudi, wala hakupandisha sauti: "Mwanangu, siku niliyonunua haijafika."

Nikapiga huduma kwa wateja. Wakasema siku imekwisha saa sita usiku, na kwa saa yao walikuwa sahihi. Lakini kwetu maghribi ikishaingia Alhamisi, ule ni usiku wa Ijumaa. Mzee alinunua siku iliyoanza masaa mawili tu nyuma, ana haki ya kuitumia mpaka Ijumaa jua lizame. Nilimuunga chengine kwa pesa yangu, kisha nikakata boksi la biskuti nikaandika kwa makapeni: KIFURUSHI CHA SIKU KINAKUFA SAA SITA ZA USIKU, SI MAGHRIBI. UKIJA BAADA YA ISHA NGOJA ASUBUHI. Nikalitundika juu ya mizani. Mauzo ya usiku yalipungua, sikujali.

Mwenye uzi, Mkunazini

Nimezirudia vocha za ami sasa hivi. Za 2011 ziko kumi na nne. Tisa kaandika saa mbili na saa tatu za usiku.