Canon IXUS 185 au Sony W830 kwa picha za ndani ya ukumbi?

Swali: Wakuu, nimepata kamera hizi mbili, zote zilizotumika, bei inalingana. Kazi ni picha za hafla ndani ya ukumbi, taa hafifu. Zote zina megapikseli 20 na zumu ya mara 8. Nichukue ipi?

Jibu 1: Sony, bila kusita. Lenzi yake inatuliza mtikisiko wa mkono. IXUS 185 haina kitu hicho. Ukivuta zumu ya Canon hadi mwisho (milimita 224), lenzi inabaki na f/6.9, yaani tundu dogo linaloingiza mwanga kidogo. Bila kitulizaji unahitaji kasi ya kupiga ya kama 1/250 ya sekunde, na taa za ukumbi hazitoshi kwa kasi hiyo, kwa hiyo picha inatoka na ukungu. Ila kitulizaji hakimzuii anayecheza dansi: huyo mpige kwa flashi. Kwa yoyote utakayochukua, usivute zumu, sogea karibu. Lenzi ikiwa pana (zumu haijavutwa) inapokea mwanga mara nne hivi zaidi.

Jibu 2: Naunga mkono, lakini angalia chaji. Betri ya Sony (NP-BN) huchajiwa ndani ya kamera kwa waya wake maalumu, si ule wa simu. Muuzaji asipokuwa nao, punguza bei. Canon huja na chaja ya ukutani.

Kabla ya kulipa, washa na kuzima mara kumi huku ukisikiliza lenzi. Ikikwaruza au kukwama, mchanga umeingia, achana nayo. Halafu piga ukuta mweupe, zumu ikiwa mwisho: madoa ya kijivu ni vumbi kwenye kihisi (sehemu ya ndani inayonasa picha), na kuifungua kamera kulisafisha ni gharama.

Muulizaji: Shukrani wakuu. Waya upo, naenda kuijaribu lenzi.