Naomba ushauri: nimepata pawaso ndogo ya zamani (Stihl 015), nifunge cheni gani?

MjukuuWaBombo
Wadau, habari za humu. Nimenunua pawaso (msumeno wa injini) ndogo ya zamani, Stihl 015, kwa muuza vyuma chakavu hapa Bombo, Uganda. Kuku walikuwa wanatagia juu yake, lakini kamba inavutika vizuri na plagi inatoa cheche. Nikidondoshea petroli kwenye tundu la plagi inawaka, inanguruma kidogo, halafu inazima. Hapo nashuku kabureta.

Kinachoniumiza kichwa ni cheni. Iliyokuja nayo imeliwa na kutu mpaka haikunjiki. Nimekwenda Ndeeba, Kampala, duka la kwanza wakanipa cheni ya mashine kubwa bila hata kuangalia baa yangu (ule ubapa wa chuma unaozungukwa na cheni), ikakaa kama mkanda wa mtu mzima kiunoni mwa mtoto. Duka la pili wakaniambia mashine hii haina cheni siku hizi, nichukue mpya ya Kichina. Siitaki. Kazi zangu ni matawi ya mfenesi na kuni za kalitunsi (mkaratusi), tena kuna gogo la mvule limeanguka shambani kwa baba mdogo, anataka nimpasulie mbao. Nifunge cheni gani? Na hii ya zamani inafufuka?

Fundi_Busia
Ndugu yangu, jina la mashine halikununulii cheni. Hizo 015 zilitoka na cheni za zaidi ya aina moja, na miaka yote hiyo mafundi wamebadilisha hiki na kile. Kinachoamua ni spoketi (gurudumu la meno linaloivuta cheni), baa, na ile nyota ya kwenye pua ya baa kama ipo. Vitatu hivyo lazima vikubaliane na cheni.

Chukua venia (kipimo cha milimita), au hata rula nzuri. Pima kutoka katikati ya ribiti moja (pini inayounga viungo vya cheni) hadi katikati ya ribiti ya tatu. Ukipata karibu milimita 12.7, hiyo ni pichi, yaani nafasi ya viungo, ya robo inchi. Ukipata 16.5, ni inchi .325. Ukipata 19, ni inchi 3/8. Ikifika 20.5 ni .404, cheni ya wale jamaa wa Stihl 070, mashine kubwa ya kupasulia magogo, kwako haiwezekani.

Halafu pima unene wa jino la chini, lile linaloingia kwenye mfereji wa baa: milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Kama cheni ni ya Stihl yenyewe, sugua jino hilo kwa brashi ya waya, utaona tarakimu moja imepigwa: 1, 3, 5 au 6, nayo ndiyo unene (3 ni 1.3, na kadhalika). Mwisho hesabu meno ya chini yote. Leta namba hizo ndipo tuongee. Habari ya "nipe ya inchi 12" dukani ndiyo iliyokupatia ule mkanda.

KijanaWaKatwe
Mnamchosha bure. Kaka, nunua 3/8 ya kawaida, zimejaa kila duka. Njoo Katwe tukuchongee spoketi ya kuilingana. Cheni kubwa inakata haraka, mti hauchezi.

MbaoNdeeba
Ssebo (bwana) wa Katwe, hapana. Injini ile ina cc 32 tu. Ukiifunga cheni nzito, nguvu inaishia kuizungusha cheni yenyewe, na ukigusa mti inakwama, klachi inateleza na kuungua. Na kuna jambo ambalo hata wauzaji wengi hawalijui: 3/8 ziko mbili. Ipo 3/8 kubwa na ipo 3/8 ndogo, ile fupi ya mashine nyepesi. Ukipima ribiti, zote mbili zinakupa karibu 19, kwa hiyo rula peke yake haikuambii. Ziweke kando kwa kando, utaona meno ya ndogo ni mafupi na mwili wake mwembamba. Meno ya chini nayo yanatofautiana, kwa hiyo ile kubwa haikai vizuri kwenye spoketi ya ndogo. Itazunguka, itapiga kelele, itakula spoketi, na siku moja itaruka.

Mimi nauza mbao, siuzi cheni, lakini naona zinazorudishwa dukani kwa jirani kila wiki. Nyingi ni kosa hilohilo.

Afande_Mstaafu
Kuhusu cheni ya kutu. Itumbukize kwenye dizeli usiku kucha, asubuhi ikunje kiungo kimoja kimoja kwa mkono. Kiungo kinachogoma kirudishe kwenye dizeli. Ikishalegea yote, ipangushe na uikague kwenye jua: ukiona ufa hata mwembamba kama unywele karibu na ribiti, itupe. Usikubali mtu akuchomelee. Cheni iliyopigwa weldi ikikatika inarudi kwa mwenye mashine.

Kama haina ufa, angalia meno ya kukatia. Juu ya jino, karibu na nyuma, cheni nyingi zina mstari wa alama. Tupa (chuma cha kunolea) ikishaufikia mstari huo, basi, cheni hiyo imekwisha. Kama bado, tafuta jino lililo fupi kuliko yote, yanoe mengine yote yalingane nalo. Tupa ya mviringo ya milimita 4, pembe ya digrii 30, sukuma kwenda mbele tu, usivute kurudi. Grainda achana nayo. Jino likigeuka rangi ya bluu limeungua, makali hayatakaa tena.

Mama_Kalitunsi
Naongeza hapo. Watu wananoa meno kwa tupa halafu wanasahau kile kinundu kilicho mbele ya jino. Kinundu ndicho kinachoamua jino lichote kiasi gani. Kwa mashine ndogo kama yako kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kikiwa juu mno, unapata unga badala ya vipande, unasukuma mpaka mgongo unauma. Kikishushwa sana, mashine inang'ata na kuzima. Nina shamba la kalitunsi huku Kasese, vijana wangu walikuwa wanaomba cheni mpya kila mara, kumbe vinundu havijawahi kuguswa.

Tena usidanganywe na cheni ya meno makali ya mraba. Miti yetu ina vumbi na udongo kwenye gome, hasa ile iliyoburutwa barabarani kwenye maramu. Chukua yenye kona ya mviringo kidogo. Inakata polepole kidogo lakini inavumilia uchafu.

MjukuuWaBombo
Asanteni sana. Nimepima: ribiti tatu ni 12.7. Jino lina alama ya 3. Meno ya chini ni 64. Nimeona ufa sehemu mbili, kwa hiyo hii tumeizika. Spoketi imechimbika, ukucha wangu unakwama kwenye mfereji wake.

Fundi_Busia
Basi ni robo inchi, 1.3. Una njia mbili.

Ya kwanza, baki na robo. Cheni ipo, siyo kweli kwamba imekufa: kwa kampuni ya Oregon inaitwa 25AP, kwa Stihl ni 13 RMS. Wachonga vinyago wa pawaso bado wanaitumia. Lakini kwa maduka yetu utaagiza na kusubiri. Na angalia sana: Stihl wana robo nyingine mpya, 71 PM3, ya mashine ndogo za betri na za kupogolea. Hiyo ni 1.1. Kwenye baa yako ya 1.3 italegea na kuegemea upande, itakata ikipinda.

Ya pili, hama kabisa uende 3/8 ndogo, 1.3. Hapo unabadilisha vitatu kwa pamoja: spoketi, baa, cheni. Cheni ni Oregon 91 au Stihl 63 PM, na hizi hata Busia huku unazipata. Kwa kuwa spoketi yako imekwisha na lazima ununue nyingine vyovyote vile, ningekuwa wewe ningehama. Spoketi iliyochimbika nusu milimita inaharibu cheni mpya mapema sana.

Tupa ni ileile ya milimita 4 kwa zote mbili, hiyo haikugharimu tena.

MbaoNdeeba
Kuhusu mvule wa baba mdogo, usijaribu. Kwanza, pitieni kwa afisa misitu wa wilaya kabla ya kupasua, hata kama mti uko shambani kwenu. Pili, mvule una mawe ndani. Siyo hadithi, ni chokaa ngumu inayojikusanya kwenye mti wenyewe, hasa palipokuwa na jeraha. Cheni inaweza kwenda vizuri, ghafla unaona cheche, na meno yote ya upande mmoja yamekwisha. Tatu, kupasua mbao kwa urefu kunahitaji nguvu mara nyingi kuliko kukata tawi, na injini ya cc 32 itachemka kabla hujamaliza ubao wa kwanza. Mlipe mwenye 070 aje apasue, wewe ukate matawi.

KijanaWaKatwe
Sawa wazee, nimewasikia. Ila kwa oili ya cheni, oili chafu ya gari si inatosha? Kwetu wote wanatumia.

Afande_Mstaafu
Wanatumia, na pampu zao zinaziba. Oili chafu ina unga wa chuma, na inakurukia mikononi na usoni siku nzima. Tia oili safi ya injini ya namba 30 au 40, ya bei nafuu tu.

Mjukuu, kwenye petroli pia usikadirie kwa macho kama wenye pikipiki za zamani. Kwa oili ya kawaida ya tu-stroki, mililita 40 kwa lita moja. Ukipata oili ya Stihl yenyewe, 20 inatosha. Na kabureta usiibadilishe kwanza: badilisha kiwambo chake cha mpira na paipu ya mafuta iliyo ndani ya tangi. Vikikaa miaka vinakuwa vigumu, ndiyo sababu inawaka kwa tone la petroli halafu inazima.

Jambo moja la mwisho: angalia kama mashine yako ina breki ya cheni. Nyingi za enzi hizo hazina. Kama haina, usikate kwa ncha ya juu ya baa hata siku moja, ndiyo inayoruka usoni.

MjukuuWaBombo
Breki haina. Nimeamua kuhamia 3/8 ndogo. Swali dogo: klachi nimeishindwa kuifungua nifike kwenye spoketi. Nigonge na nyundo?

Fundi_Busia
Usigonge! Toa plagi, sukuma kamba safi ndani ya silinda pistoni ikiwa imeshapita tundu la ekzosi kwenda juu, uzungushe taratibu mpaka ikwame kwenye kamba. Sasa fungua klachi kwa kufuata mzunguko wa saa, klachi za pawaso nyingi zimefungwa kinyume. Acha ncha ndefu ya kamba nje, usije ukaisahau humo ndani.