Tupeane uzoefu: Kifaransa cha mtaani kilikukuta wapi na ulikizoeaje?

Mleta mada (Lyon)

Wakuu habari za saa hizi. Uzi huu ni wa wale waliosoma Kifaransa darasani halafu wakaja kukutana na wenye lugha yao. Mimi nilisoma miaka miwili hapo Dar, nikapata cheti cha DELF B1 (mtihani wa Kifaransa, ngazi ya kati), nikaja huku nikiamini lugha ninayo.

Jioni ya kwanza jikoni hosteli jamaa mmoja kashika sufuria ya tambi ananiambia "tabouffé?" Nikamtazama. Akarudia, tabouffé? Mimi manger nalijua, déjeuner nalijua, hata se restaurer nalijua ila hilo sikuwahi kulisikia popote, nikajibu oui merci kwa kubahatisha akaenda zake na sufuria yake. Kumbe ni tu as bouffé, yaani ushakula? Alitaka kunipakulia na mimi nikalala na njaa, sikuwa nimenunua kitu siku hiyo.

Kesho yake nikaanza daftari. Boulot kazi, bagnole gari, fric au thune pesa, fringues nguo, bouquin kitabu, flotte maji, truc ni kitu chochote ambacho jina lake halijakujia. Na sio maneno ya wahuni jamani, profesa wangu anasema boulot, bibi wa ghorofa ya chini anasema bagnole. Ni kama sisi tunavyosema hela, hakuna anayeamka asubuhi akasema fedha.

Ila maneno unayakariri yanaisha, kilichonitesa ni wanavyomeza. Je ne sais pas (sijui) inakuwa "chépa". Il y a (kuna) inabaki "ya". Nous (sisi) hawaisemi, wanasema on. Na ile ne ya kukanusha ambayo mwalimu alinikata maksi nikiisahau, kwenye maongezi wanaiacha, j'ai pas (sina), je veux pas (sitaki), c'est pas grave (si neno). Sasa mimi nilikuwa naisubiri hiyo ne ndo nijue mtu kakataa. Nimeenda dukani kwa mwoka mikate naulizia baguette, dada akasema "y en a plus", nikasikia plus nikajua iko nyingine inakuja, nikasimama pembeni nasubiri mpaka akanionyesha shelfu tupu kwa mkono. Imenichukua miezi kushika kwamba plus ikimaanisha zaidi mara nyingi s inasikika mwishoni, ikimaanisha imeisha s haitamkwi, wanasema "plu" basi. Ne ikishaondoka, hiyo s ndo unaiegemea. Sikufundishwa hili na ningelipa pesa kulijua mapema.

Haya karibuni, nyie kiliwakuta wapi?

Mdau (Marseille)

Mimi mtu wa Unguja, nafanya kazi jiko la mgahawa huku. Ukisikia wanasema kitu chelou, meuf, relou, ouf usiende kwenye kamusi ya shule, hiyo ni verlan na sie watu wa pwani tusiiogope kabisa kwa sababu ni kinyume chetu kile kile cha utotoni. Si mnakumbuka nyumba inakuwa mbanyu, samaki kisama, chakula lachaku? Basi nao wanageuza hivo hivo, louche (kitu cha kutilia shaka) inakuwa chelou, lourd mtu msumbufu inakuwa relou, fou (kichaa) inakuwa ouf, femme (mwanamke) wameigeuza halafu wakaikata ikabaki meuf. Hata jina verlan ni l'envers (kinyume) imegeuzwa. Nilipoelezwa hivo na mwosha vyombo mwenzangu nilifurahi sana, nikamfundisha na yeye kinyume, sasa tunaitana chakula kwa lachaku.

La pili ni maneno yaliyotoka Kiarabu cha Algeria na jirani zake, haya yanatufaa sana sisi. Daktari wanamwita toubib, ndo tabibu wetu huyo. Mpishi mkuu akitaka haraka anapiga kelele "fissa!", asili yake ni fi saa, yaani saa hii hii, ni saa yetu kabisa ile. Neno likishakuwa ndugu yako halikutoki kichwani.

Mdau (Brussels)

Bandugu mie natokea Bukavu, Kifaransa tumekisomea tangu shule ya msingi kwa hiyo shida yangu ilikuwa ya upande mwingine. Kwetu ni lugha ya masomo na ya biro (ofisi), ya kucheka na kugombana iko Kiswahili. Nilipofika hapa nikawa naongea na wenzangu wa kazi kama naandika barua, je vous prie de bien vouloir, auriez-vous l'obligeance, wakadhani nimekasirika. Mmoja akaniuliza kabisa, t'es fâché? Iliniumiza kwa sababu mie nilikuwa naonyesha heshima vile nililelewa. Nikajifunza kusema tu t'inquiète (usijali), ça marche (sawa), nickel (safi kabisa), à tantôt (tutaonana baadaye), na watu njo wakaanza kuniita kwenye meza yao.

Kitu moja ilinisaidia, hesabu. Septante (70) na nonante (90) za kwetu njo hizo hizo za hapa. Ila nikienda Lille nauliza bei, soixante-dix-huit (78, yaani sitini na kumi na nane) inanichelewesha mpaka leo.

Mdau (Bordeaux)

Jameni mimi Mkenya, nalea watoto kwa familia moja huku, na Kifaransa changu chote nimetolea kwa hao watoto. Na hapo ndio kuna shida. Mtoto wa miaka 12 haambii mtu hili neno ni la wapi. Siku moja tuko mezani, nyanya yao amekuja, mvua imenyesha siku tatu, na mimi nikitaka kuchangia maongezi nikasema "c'est chiant, cette pluie", nikidhani ni kusema tu mvua hii inachosha. Nyanya akaweka kijiko chini polepole. Watoto wakatazamana. Mama yao hakunigombeza, jioni aliniita jikoni akaniambia ukweli, hilo neno mzizi wake ni choo, marafiki wanaambiana lakini mbele ya mtu mzima sema c'est pénible ama c'est embêtant. Nilimwomba nyanya msamaha kesho yake, akanishika mkono. Tangu hapo neno jipya nauliza swali moja tu, hili naweza ambia nyanya?

Mleta mada (Lyon)

Dada wa Bordeaux swali lako nalichukua, naandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Mimi nilikuwa nachora mstari katikati, kushoto naweka ya ofisini (travail, argent, voiture), kulia ya jikoni (boulot, fric, bagnole), sasa naongeza safu ya tatu ya yale ya kuelewa tu bila kuyatamka.

Na yule jamaa wa sufuria nimemsimulia, hakuwa anakumbuka. Siku hizi mimi ndo nampigia hodi, t'as bouffé?

Kuna aliyeishi Abidjan hapa? Nasikia nouchi, lugha yao ya mtaani, ni dunia nyingine, njoo utupe hata maneno matano mkuu, na useme lipi la nyanya na lipi sio.