Naomba ushauri: Land Rover Series III inazima ikipata joto
Wakuu, habari zenu. Nina Series III ya 1978, petroli, lita 2.25. Mimi ni mhandisi mitambo, na kila Jumamosi nashinda chini yake hapa Kisasa, Dodoma. Asubuhi inaunguruma vizuri, raha tupu! Ila nikielekea Kondoa mchana wa jua kali, inakohoa na kuzima. Nikisubiri nusu saa, inawaka.

Kabureta nimesafisha, platini (swichi ya cheche ndani ya distributa) nimeweka mwanya wa milimita 0.4, rejeta haichemshi. Nikifunika pampu ya mafuta kwa kitambaa kilicholowa maji inawahi kuwaka, kwa hiyo nahisi petroli inageuka mvuke njiani. Lakini koili nayo, ile inayozalisha umeme wa cheche za plagi, ikipata joto cheche hudhoofika.

Nifunge pampu ya umeme karibu na tangi, au nianze na koili? Kuna wanaoniambia niweke injini ya Toyota. Hilo siwezi, naipenda hii hii.