Acheni kumlaumu Gyan, bao letu lilidakwa na mchezaji asiye kipa!

Wakuu, nimevumilia tangu 2010 lakini leo mtanisamehe. Kila ikitajwa ile robo fainali ya Kombe la Dunia ya Ghana na Uruguay, lazima aibuke mjuaji mmoja aseme Gyan, mshambuliaji wa Ghana, ndiye aliyetunyima nusu fainali kwa kukosa penalti. Nani kawadanganya?

Julai 2, Soccer City, Johannesburg, vuvuzela zinalia mpaka mtangazaji hasikiki. Mapumziko yanakaribia, Muntari wa Ghana kaachia kombora kutoka mbali, 1-0. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Kipindi cha pili Forlán wa Uruguay akasawazisha kwa frikiki. Lile bao halali, sina neno nalo.

Sasa njoo mwisho wa dakika 120. Mpira umejazwa kwenye boksi, kipa wao Muslera katoka langoni, Appiah wetu anapiga, Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, anauzuia kwa goti kwenye mstari. Unarudi juu, Adiyiah wetu anaupiga kichwa, unaingia... na Suárez anaupangua kwa mikono kama yuko kwenye voliboli. Sisi tulishasimama tunashangilia. Soda yangu nusu ilikuwa shatini.

Kadi nyekundu, penalti. Mwamuzi simlaumu, alifuata sheria. Ugomvi wangu ni na hiyo sheria! Bao lililokuwa linaingia unaligeuza kuwa bahati nasibu ya mita 11, halafu unaita adhabu? Aliyetolewa alipoteza nini, wakati mechi yenyewe ilikuwa imeisha? Raga wana akili: ukizuia trai (bao lao) ya wazi kwa faulo, mwamuzi anawapa wenzako trai yao. Sisi tunamwambia mkosaji asubiri, huenda ikamlipa. Na ikamlipa. Gyan, aliyekwishafunga penalti mbili kwenye mashindano yaleyale, dhidi ya Serbia na Australia, akagonga mtambaa panya. Suárez huyo anashangilia akielekea vyumbani!

Na ninyi mnaomsema Gyan, mechi ilipokwenda kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi, nani alipiga tuta la kwanza la Ghana muda mfupi baadaye? Gyan huyohuyo, akaliweka juu kabisa pembeni. Ungekuwa wewe hata miguu ingekubeba? Waliokosa ni Mensah na Adiyiah. Adiyiah, jamani! Mtu kanyang'anywa bao la maisha yake kwa mikono, kisha anatembea kutoka katikati ya uwanja kwenda kupiga tuta, na linadakwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote na hakuna anayelitaja. Abreu wa Uruguay akaudokoa katikati, polepole, kwa dharau, 4-2. Nikazima tivii ambayo wala haikuwa yangu.

Msiniletee habari za Kombe la Dunia la Qatar 2022, Ghana na Uruguay walipokutana tena, kwamba kisasi kililipwa. Kisasi gani? Ghana walifungwa 2-0, Ayew akakosa penalti, timu zote mbili zikarudi nyumbani. Kumuona Suárez akilia benchi kulinifariji dakika tano tu. Siku moja kabla alikuwa amegoma kuomba radhi, eti penalti hakukosa yeye. Na kinachonikera zaidi ni kwamba kwa sheria ilivyo, ana hoja!

Morocco walipofika nusu fainali mwaka uleule nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Usiku nikajikuta naitafuta tena ile klipu ya Adiyiah.

Anayeona penalti ile ilitosha aje tubishane, ila "mpira ndivyo ulivyo" abaki nayo.