Mjadala: Utwana wa Uingereza ulimalizwa na tauni au na wakulima wenyewe?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kila mada ya Ulaya ya enzi za kati inapoibuka, kuna jibu moja linaletwa haraka haraka: tauni ndiyo iliyoua ukabaila. Watu walikufa, vibarua wakaadimika, ujira ukapanda, mkulima akawa huru. Wengi tumelikariri hivyo tangu sekondari. Mimi silikubali, ndiyo maana nimelileta hapa tulichambue.

Tuwekane sawa kwanza. Mtwana hakuwa mtumwa wa kupigwa mnada sokoni, lakini huru hakuwa. Alilima kipande chake, na siku kadhaa za wiki alilima shamba la kabaila bila malipo. Akioza binti, analipa. Nafaka yake anaisaga kwenye kinu cha bwana, na hapo pia analipa. Akifa, kabaila anamchukua mnyama bora zizini hata matanga hayajaanuliwa. Akihama bila ruhusa, anasakwa.

Tauni ilitua Uingereza kiangazi cha 1348 kupitia Melcombe, bandari ndogo ya Dorset. Inakadiriwa iliondoka na theluthi hadi nusu ya watu. Sasa tazameni wakubwa walifanya nini. Juni 1349, watu bado wanazikana, mfalme Edward III akaamuru ujira urudi ulivyokuwa kabla ya ugonjwa. Mwaka 1351 Bunge likatunga sheria kamili, tena yenye bei ndani yake: kuanika nyasi, peni 1 kwa siku, kuvuna nafaka wiki ya kwanza ya Agosti peni 2, ya pili peni 3, seremala mkuu, peni 3. Na mikatale itengenezwe vijijini, ya kuwabana miguu wanaokataa. Kama soko ndilo lililokuwa linaamua, mikatale ilikuwa ya nini?

Isitoshe, uhaba wa watu unaweza kumfanya mwenye nguvu akaze kamba badala ya kuilegeza. Mashariki ya mto Elbe wa Ujerumani ardhi ilikuwa tele na watu wachache, lakini wakulima walizidi kufungwa kadiri karne zilivyosonga. Poland ilitunga sheria mwaka 1520 ya kazi ya bure siku moja kwa wiki, na baadaye siku zikaongezwa. Prussia, dola la Kijerumani, iliwaachia 1807. Urusi, 1861! Kwa hiyo uhaba ule ule umezaa uhuru upande mmoja na pingu upande wa pili. Kilichotofautiana ni nguvu ya wakulima kugoma, kutoroka na kuasi. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, naomba kutofautiana nawe. Uasi unaoutegemea, ule wa wakulima wa 1381, ulishindwa vibaya. Juni 1381 watu wa Essex na Kent waliingia London, wakachoma kasri la Savoy la John of Gaunt, ami wa mfalme, wakamkata kichwa Askofu Mkuu Simon Sudbury. Tarehe 14, kule Mile End, mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, akawaandikia hati za uhuru na kodi ya ardhi ya peni 4 kwa eka. Kesho yake Wat Tyler, kiongozi wa waasi, akauawa Smithfield. Mwanzoni mwa Julai hati zote zikafutwa, na tarehe 15 John Ball, padri wa waasi, akanyongwa St Albans. Hakuna sheria hata moja iliyofuta utwana baada ya hapo. Nionyeshe ushindi uko wapi.

Kilichofuata ndicho kinachonipa hoja. Tauni haikupita mara moja ikaisha. Ilirudi 1361, 1369 na 1375. Mazao yanaiva, wavunaji hakuna. Kabaila wa hapa anamtorosha kibarua wa kabaila wa jirani kwa kumwongeza ujira, halafu wote wawili wanakwenda bungeni kulalamika kwamba vibarua wana tamaa. Sheria ya 1351 ilivunjwa na watu wa tabaka lile lile lililoitunga. Karne ya 15 mabwana wengi walichoka, wakakodisha mashamba yao, na kazi ya lazima ikakosa maana. Hakuna shujaa hapo, mkuu. Ni mfuko wa bwana tu.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnazungumza kana kwamba mtwana alikuwa anapiga hesabu za peni tu. Naomba niwapeleke St Albans, mji wa abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa.

Miaka ya 1330 abate, yaani mkuu wa abasia, Richard of Wallingford aliwanyang'anya wenyeji mawe yao ya kusagia, kwa kuwa waliyatumia majumbani badala ya kuja kulipia kinu chake. Hakuyatupa. Aliyatandaza kuwa sakafu ya ukumbi wa watawa. Yaani ukiitwa kule kwa shauri lako, unakanyaga mawe ya mama yako. Wenyeji wakakaa na jambo hilo nusu karne. Mwaka 1381 wakaingia, wakayang'oa, wakayavunja vipande vidogo na kugawana, kila mtu kipande chake aende nacho nyumbani, kama mkate unaogawiwa kanisani. Aliyetuandikia habari hii ni Thomas Walsingham, mtawa wa abasia hiyo hiyo ambaye hakuwapenda waasi hata kidogo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuwapamba.

Kipande cha jiwe hakisagi unga. Hawakukichukua kwa faida.

Angalieni pia walichochoma: vitabu vya mahakama za makabaila, ambamo iliandikwa nani mtwana na nani anadaiwa nini. Cambridge walichoma nyaraka za chuo uwanjani, na bibi mmoja, Margery Starre, akawa anarusha majivu hewani akipiga kelele kwamba elimu ya makarani na itokomee. Uhaba wa vibarua unaeleza ujira. Majivu ya Cambridge hauyaelezi. Na kilichowasha moto mwaka huo hakikuwa ujira bali kodi ya kichwa, iliyotoka peni 4 mwaka 1377 hadi peni 12 kwa kila aliyezidi miaka 15, maskini na tajiri karibu sawa.

Mchangiaji wa tatu

Mbona mmejifungia Uingereza? Bologna, Italia, 1256 hadi 1257: serikali ya mji iliwakomboa watwana karibu 6,000 kwa kuwalipa mabwana wao lira 10 kwa kila aliyezidi miaka 14, na lira 8 kwa mtoto. Tauni ilikuwa bado miaka 90 na ushee. Uasi haukuwepo. Mji ulitaka walipa kodi, basi. Mtwana humtozi kodi, maana ni wa bwana wake. Mtu huru unamtoza. Haya ya huruma na Injili waliyoyaandika kwenye utangulizi wa kitabu chao cha kuorodhesha waliokombolewa, mimi nayasoma kwa jicho moja.

Mchangiaji wa nne

Mnisamehe, nachomekea dogo tu. Mwaka 1388 Bunge lililokaa Cambridge lilipitisha kwamba kibarua asitoke eneo lake bila barua yenye muhuri. Akikamatwa bila barua, mkatale. Mkenya yeyote aliyesimuliwa na babu yake habari za kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi za mkoloni, ameshaelewa. Endeleeni.

Mleta mada

Mchangiaji wa tatu, Bologna naikubali kama ilivyo, lakini ule ulikuwa mji wenye jeshi na hazina, unashindana na makabaila wa shamba. Bado ni suala la nani ana nguvu. Tena Catalonia, Hispania, inanisaidia zaidi: wakulima kule walishika silaha, na mwaka 1486 mfalme Ferdinand akatoa hukumu Guadalupe iliyowaruhusu kujikomboa kwa fedha. Walilipa, sawa, ila walipewa nafasi ya kulipa baada ya vita.

Mchangiaji wa kwanza, kuna kitu umekiruka. Mwaka 1574, zaidi ya miaka 220 tangu tauni itue, malkia Elizabeth I alikuwa bado anateua maofisa wa kuwaachia huru, kwa malipo, watwana wa mashamba yake ya magharibi. Soko gani hilo linalochukua karne mbili kufanya kazi? Na yule kibarua unayesema "alitoroshwa" alitoka mwenyewe usiku, akijua mkatale unamsubiri.

Mchangiaji wa kwanza

Kutoka usiku kwenda kwenye ujira mkubwa ndiyo soko lenyewe, mkuu. Na hao wa 1574 walikuwa mabaki. Wenzao wengi walishakuwa wapangaji wa ardhi wenye nakala ya hati mkononi. Nitajie kabaila mmoja aliyeacha utwana kwa kuogopa 1381, mmoja tu, na shamba lake. Ukimpata nitarudi tuendelee.